Kazi Iliyofundishwa Kupisha

Nilisoma hadi kidato cha nne, katika miaka ya sitini, na kwa muda mrefu niliamini kwamba elimu hiyo inatosha. Ilitosha kunipa kazi ya karani wa stoo katika hospitali ya kanisa kule vilima vya Kilungu. Baadaye hospitali ilipopewa kompyuta na marafiki wa ng'ambo, ilitosha pia kunifanya mtunza mashine. Sikuomba kazi hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa na funguo za chumba walichoiweka, basi funguo zikanifanya mtaalamu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Vijana wa leo hawawezi kuipata picha ya mashine ile. Kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, sanduku la rangi ya maziwa yaliyolala, nayo ilikaa chumbani kwangu. Kutoka kwake nyaya zilipita juu ya dari hadi kwenye skrini za maandishi ya kijani: moja kwenye duka la dawa, moja mezani kwangu, na moja kwenye dirisha la kuandikisha wagonjwa. Skrini zote zilitegemea ubongo mmoja. Kila kazi iliyoendeshwa ndani yake ilipata zamu fupi, fupi kuliko kupepesa jicho, kisha ikafuata zamu ya nyingine. Zamu zikizunguka vizuri, kila mtu alidhani mashine ni yake peke yake.

Shida ilikuwa ripoti ya dawa. Kila mwisho wa mwezi niliiendesha ripoti hiyo, nayo ilisoma kadi za wagonjwa wote wa mwezi, ikalinganisha na dawa zilizotoka, ikatoa oda ya kupelekwa Nairobi. Ilikuwa kazi nzito. Ilianza asubuhi na kuvuka chakula cha mchana, na haikuwezekana kuiendesha usiku kwa sababu jenereta ilizimwa mapema ili kuokoa dizeli. Na ilipokuwa ikienda, pale dirishani mambo yalisimama. Karani, dada mmoja mwenye ulimi mkali, alibonyeza kitufe akangoja, akabonyeza tena, huku foleni ikirefuka kutoka barazani mpaka kwenye bomba la maji.

Alikuwa akifungua mlango wangu bila kubisha.

"Mzee, hii kitu yako imelala tena."

"Haijalala. Inafikiri."

"Basi iambie ikafikirie kwao. Hapa kuna watu."

Nami nilimjibu, bila aibu, kwamba ripoti ilianza kabla ya watu hao kufika, na aliyetangulia ametangulia. Nilijiona mtu wa haki. Wapo watu wanaotumia haki kama mto wa kulalia, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ndipo kamati ya hospitali ilipomwajiri mwalimu. Nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo sote tulivyomwita. Alizaliwa upande wa Mbumbuni, akafundisha hesabu shule ya upili, kisha akaenda Nairobi kusomea kompyuta. Kamati ilimchukua kwa majaribio, na msimamizi wa hospitali alinieleza masharti waziwazi: kama dirisha halitakwenda vizuri, kompyuta itaondolewa pale, watu warudi kwenye kadi za karatasi, na mwalimu arudi kwao. Alikuwa ameacha kazi ya kudumu kuja kwetu. Alikuwa na mama mgonjwa na ndugu wadogo wa kusomesha. Yeye mwenyewe hakuwahi kuyataja hayo; niliyasikia kwa watu wa kanisa.

Wiki yake ya kwanza hakugusa kitu. Alivuta kiti akakaa kando ya karani wa dirishani, akatazama wagonjwa wakija na kuondoka, na siku ya ripoti akatazama foleni ikisimama. Kisha akaja chumbani kwangu.

"Mzee, wewe ni wa wapi?"

"Kitui. Matinyani."

"Mto wenu una maji?"

"Una mchanga. Maji yako chini ya mchanga."

"Na mkienda kuchota, mwenye punda na mwenye kibuyu, nani huchota kwanza?"

Msomaji ambaye hakulelewa upande wetu anahitaji maelezo hapa. Kiangazi kikishika, mito yetu huwa barabara za mchanga. Tunachimba shimo mpaka mchanga ulowe, tunakaa kando yake, na maji yanajikusanya polepole chini. Mtu mwenye punda wanne atachota kwa kata mpaka madebe yote yajae, na hiyo ni kazi ya asubuhi nzima. Sasa akitokea mtu mwenye chombo kimoja tu, labda mama mwenye mtoto mgongoni, yule mwenye punda anainuka. Hainuki kwa sababu huyu ametangulia, maana hakutangulia. Hainuki kwa sababu ni mkubwa. Anainuka kwa sababu shida ya huyu ni fupi na yake ni ndefu. Huyu akishajaza chombo chake, naye ana wajibu: kabla ya kuondoka anamwambia mwenzake, "Rudi, baba," na mwenye punda anarudi kisimani. Nimewahi kumwona mfanyabiashara tajiri, mwenye msururu wa punda, akiinuka kumpisha msichana mwenye kibuyu. Nimemwona pia mtu aliyekataa kuinuka. Jina alilopewa siku ile alizikwa nalo.

"Mwenye kibuyu," nilimjibu mwalimu.

"Ripoti yako ina punda wengi, mzee," akasema, "na haijawahi kuinuka hata siku moja."

Nilimwambia kisima ni kisima na mashine ni mashine. Hakubishana nami. Aliomba tu aonyeshwe ripoti ilivyoandikwa.

Iliandikwa kwa lugha ya skripti, yaani lugha nyepesi ambayo unaandika amri zako kwenye faili, na mashine inazisoma mstari baada ya mstari na kuzitenda. Hata mimi niliweza kuifuata kidogo. Chini ya lugha hiyo ulikuwepo mfumo unaoendesha mashine yote, na mfumo huo, kumbe, ulikuwa na cheo kwa kila kazi. Cheo kilikuwa namba. Namba ikiwa kubwa, kazi inakuwa nyenyekevu na kuwaachia wenzake zamu. Namba ikishuka chini ya sifuri, kazi inajipenda na kujisukuma mbele. Lakini lugha yetu ya skripti haikuwa na neno lolote la kugusa vyeo hivyo. Uliweza kuita amri ya nje ikufanyie, ila kila ukiita, mashine ilizaa kazi nyingine mpya, na kumbukumbu yake ilikuwa finyu. Mwalimu alisema hiyo ni sawa na kumwita mtu aje kisimani kukuambia uinuke, na yeye akaja na punda wake.

"Kwa hiyo?" nikamwuliza.

"Kwa hiyo tutaiongezea lugha maneno."

Nilishangaa. Nilidhani lugha ya kompyuta huja imekamilika, kama Biblia.

"Hata Biblia yetu ya Kikamba," akasema, "kuna watu walikaa chini wakatafuta maneno."

Kazi aliyoifanya katika wiki zilizofuata ndiyo sababu ya mimi kuandika kurasa hizi. Lugha ile ilikuja na maandishi yake ya asili, yaliyoandikwa kwa lugha nyingine ngumu zaidi iitwayo C, na walioitunga walikuwa wameacha mlango kwa yeyote anayetaka kutia maneno yake. Mwalimu aliuingia mlango huo kwa adabu. Hakubadilisha kitu asichokielewa. Alipasua maboksi ya dawa, akachora upande usio na maandishi: kisanduku cha skripti, mshale kwenda kwenye C, mshale kwenda kwenye mfumo, na mishale ya majibu yakirudi. Kisha akaandika, akaijenga lugha upya, jambo lililomeza mchana mzima, na alipoijaribu ikafa, ikaacha kwenye diski faili kubwa ambayo yeye aliiita maiti.

Mimi ningelaani. Yeye alisogeza kiti karibu. "Tumuulize marehemu aliumwa nini," akasema, akaanza kuisoma.

Nakumbuka jambo moja dogo ambalo sijaacha kulistaajabia. Ukiuuliza mfumo cheo cha kazi, nao ukashindwa kujibu, ulirudisha hasi moja. Lakini hasi moja yenyewe ni cheo halali. Utajuaje kama umepewa jibu au umepewa kushindwa? Mtu mwingine angepuuza, maana ni nadra. Mwalimu alikwenda mahali ambapo mfumo huandika makosa yake, akapafuta pakawa patupu, ndipo akauliza swali, kisha akarudi kuangalia kama pameandikwa kitu. Alifuta ubao kwanza, kama mwalimu mzuri, ili asije akasahihisha kosa la jana. Mistari mitatu tu. Hakuna mgonjwa ambaye angewahi kujua.

Maneno aliyoyaongeza yalikuwa matatu, nayo aliyaandika kwa Kiswahili ili nasi tuyaelewe. Cheo, la kuuliza kazi iko wapi. Pisha, la kuishusha. Rudi, la kuipandisha.

Dirisha nalo lilifundishwa kuacha alama kila mgonjwa anapofika. Ripoti, ikimaliza kadi moja kabla ya kushika nyingine, ilitupa jicho. Ikiiona alama, ilisema pisha na kuinuka. Siku ya jaribio la kwanza karani alibonyeza kitufe na jina likatokea papo hapo. Akabonyeza tena. Alikuja mlangoni kwangu akasimama, akakosa la kulalamikia, akaondoka.

Ripoti ndiyo haikuisha siku ile. Iliinuka kwa mgonjwa wa kwanza na haikurudi tena. Mfumo ulikuwa na sheria yake: kazi yoyote inaweza kujishusha, lakini kupanda ni kwa ruhusa ya mwenye funguo kuu za mashine, yaani nenosiri linaloruhusu kila kitu. Mwalimu aliinama juu ya kibodi akacheka peke yake.

"Nimemsahau yule wa kusema rudi, baba."

Basi akaandika kazi nyingine ndogo, aliyoiita mlinzi. Mlinzi alianza kila mashine ilipowashwa, akiwa na ruhusa ya funguo kuu. Muda mwingi alilala. Aliamka kidogo, akaangalia dirishani, na pakiwa kimya aliiita ripoti irudi. Kuanzia hapo mambo yalikwenda kama maji ya kisima chetu, polepole lakini kwa kila mtu.

Alitaka kunifundisha. "Keti hapa, mzee, nikuonyeshe. Ukijua hili hutanihitaji." Nilimwambia mimi ni mzee. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Katika majuto yangu yote, hilo ndilo linalonisumbua zaidi, kuliko hata hili ninalotaka kulieleza sasa.

Mvua za masika zilileta malaria. Siku ya ripoti ya mwezi ule foleni haikukatika. Kila ripoti iliporudi kisimani, mwingine alifika na kibuyu, nayo ikainuka. Saa za mchana zilipofika haikuwa imefika hata nusu. Mwalimu alikuwa ameshuka njia panda kupiga simu kwao. Dereva wa kwenda Nairobi alikuwa nje, injini ikinguruma. Msimamizi akaingia.

"Mzee, gari linaondoka na oda au bila oda?"

"Bado kidogo."

"Sikuuliza kidogo. Watu wataugua mwezi mzima bila dawa kwa sababu ya kompyuta inayoinukainuka?"

Mimi ndiye niliyekuwa na funguo kuu. Nikaandika rudi, nikaipa ripoti namba ya chini kabisa, cheo kisicho na mkubwa wake, juu ya dirisha na juu ya mlinzi mwenyewe. Sikuogopa. Nilijiambia kwamba ripoti imeshafundishwa adabu, na akitokea mgonjwa itampisha. Hilo ni kosa la mtu aliyelelewa kisimani. Kwetu mtu aliyezoea kuinuka huinuka hata akiwa chifu, kwa sababu kupisha kumekuwa tabia yake. Nilidhani na ripoti imeshapata tabia.

Dirisha likaganda. Duka la dawa likaganda. Skrini yangu nayo ikaganda, nikawa siwezi hata kuifuta amri niliyoitoa. Ripoti iliendelea kutupa jicho kila baada ya kadi, na haikuona alama yoyote, kwa sababu dirisha halikupata zamu hata ya kuacha alama. Kwa macho ya ripoti hapakuwa na mtu kisimani. Waliokuja kuchota hawakuweza hata kufika.

Karani alifungua mlango. "Mzee, leo haifikiri. Leo imekufa."

Nilimfuata nje. Mbali nyuma ya foleni alisimama mama mmoja, mtoto wake amelegea begani, macho yakizunguka. Kabla sijasema neno, bibi mmoja aliyekuwa mbele yake alimgeukia.

"Mwaitu," akamwambia, yaani mama, "pita."

Na aliyekuwa mbele ya bibi akasogea, na wa mbele yake. Hakuna aliyetoa amri. Foleni yote ilifunguka upande mmoja, kutoka kwenye bomba mpaka dirishani, na muuguzi akampokea mtoto bila namba wala kadi. Mtoto alipona, nilimwona mwenyewe siku chache baadaye akilia kwa nguvu kwa sababu ya sindano.

Mwalimu alirudi akakuta mambo hivyo. Aliitazama skrini, akanitazama mimi.

"Umeipa ngapi?"

"Hasi ishirini."

Akavuta kiti. "Basi tungoje. Tukizima sasa tutaharibu diski."

Tulikaa tukisikiliza diski ikisaga. Ripoti, ikiwa na ubongo wote peke yake, iliisha upesi. Gari liliondoka na oda. Msimamizi aliipokea bila kushukuru, akasema barazani, kwa sauti ya kusikika, kwamba mashine ya mwalimu imekwamisha wagonjwa na kamati itaambiwa.

Kamati iliketi wiki ile ile, katika chumba kando ya kanisa. Mwenyekiti alikuwa mkulima mwenye magoti mabovu, mtu wa maneno machache. Msimamizi alieleza kwamba majaribio yameshindwa. Mwalimu aliulizwa ana la kusema, naye akaanza kueleza namba na vyeo, kwa haki, bila kunitaja. Nikainuka.

"Lugha ya mwalimu haina kosa," nikasema. "Ni mimi niliyeipandisha ripoti juu ya watu."

"Kwa nini?" akauliza mwenyekiti.

"Niliona gari."

Mama mmoja wa kamati akaguna. "Kila mtu huliona gari lake."

Wengine walicheka, lakini mwenyekiti hakucheka. Alimgeukia mwalimu. "Na kesho akiliona tena? Utamnyang'anya funguo?"

"Hapana, mzee. Lazima mtu fulani awe na funguo, na yeye huitunza mashine vizuri. Lakini naweza kuifanya lugha imkatalie."

Wakampa muda mpaka ripoti ya mwezi uliofuata. Isipokwenda, ataondoka.

Angeweza kuniadhibu. Badala yake alinifanya mwenzake. Aliandika upya neno rudi, akaliwekea dari: hakuna ripoti itakayopanda juu ya dirisha, ombi litoke kwa yeyote. Akampandisha mlinzi kidogo juu ya wote, kwa kuwa yeye huchukua kidogo na kulala. Kisha akaniita. "Wewe ndiye unayejua kuharibu, mzee. Haribu." Nikajaribu kila ujanja niliokuwa nao. Nilipoingia mahali ambapo hakuwa amepafikiria, alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi, akapaziba, akaniambia nijaribu tena.

Siku ya ripoti foleni ilikuwa ndefu vilevile. Dereva alikuwa nje vilevile. Msimamizi aliingia na swali lake lile lile, nami, mbele yake, nikaandika hasi ishirini. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja wa kijani: Dirisha lina watu. Msimamizi aliusoma, akatoka kwenda kumwambia dereva angoje.

Katika foleni ile alikuwemo mwenyekiti wa kamati, amekuja kutafuta dawa ya magoti. Watu walitaka kumpisha mbele kwa heshima, akakataa. Zamu yake ilipofika karani alibonyeza kitufe, jina likatokea, namba ikaandikwa. Mwenyekiti alibaki pale kidogo akiishika kadi yake, kisha akachechemea mpaka mlangoni kwetu, akaegemea fremu.

"Mwalimu," akasema.

"Naam, mzee."

"Kaa."

Hakuna aliyeuliza anamaanisha nini. Alipoondoka, mwalimu aliondoa mikono kwenye kibodi akaiweka mapajani. Barazani palikuwa pametulia. Karani alikuwa amesimama kunyoosha mgongo. Ndani ya sanduku la rangi ya maziwa yaliyolala mlinzi aliamka, akaliangalia dirisha, na diski ikaanza kunguruma upya.

"Haya," mwalimu akaiambia, bila kuinua macho. "Rudi, baba."